Mwalimu Landep na Nusu ya Pili

Mwalimu Landep hakubali kumfundisha mtu mmoja. Ukimwendea nyumbani peke yako na kumwambia unataka kujifunza gangsa, ala yetu ya shaba ya hapa Bali, atakuuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Ukisema huna, atakuambia nenda kamtafute, kisha atarudi kupasua kuni zake. Mtalii mmoja alikaa mlangoni kwake siku mbili. Siku ya tatu akamleta dereva wake, wakafundishwa wote wawili. Aliyeweza ni dereva.

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Wananiita Mama Rinten. Nauza wali asubuhi pale njia panda, nafuga nguruwe sita, na kwa miaka tisa nimepiga gangsa katika kikundi cha wanawake wa mtaa wetu. Shule niliishia darasa la sita. Kusoma muziki kwenye karatasi sijui, na kwa Landep hakuna aliyewahi kuiona karatasi.

Anavyofundisha ni hivi. Gangsa ni vibao kumi vya shaba vilivyopangwa juu ya sanduku. Mkono wa kulia unapiga kwa nyundo ya mti, wa kushoto unafuata nyuma na kubana kibao kinyamaze. Usipobana, sauti zinarundikana kama vyombo kwenye beseni. Wewe unakaa upande wako. Mwalimu anakaa upande wa pili, magoti yake yakielekea yako, na anapiga vibao vilevile akiwa kinyume. Haongei. Unaifuata nyundo yake mpaka mkono wako uache kuuliza. Ukikosea hasemi nani amekosea. Anasimamisha wote, anafuta nyundo kwenye saruni yake, anaanza upya tangu mwanzo. Kuna siku tulianza upya mara thelathini, na kila mtu alikuwa akimtazama jirani yake kwa jicho la chuki.

Wimbo mzima una nusu mbili. Nusu nyoofu inapiga pale ambapo nusu kinzani imenyamaza, na kinzani inapiga pale nyoofu inapovuta pumzi. Ukiisikia moja peke yake utadhani mtu anakatakata mboga huku akifikiria mambo mengine. Zikikutana sawasawa, kasi inakuwa ya ajabu, na msikilizaji hajui sauti ipi imetoka kwa nani. Vyombo vya kikundi chetu ni vya zamani, vingine vimepasuka, kwa hiyo tuna jozi moja tu ya kusuka namna hiyo. Wengine wanashika wimbo wa chini, matoazi na gongo, lile sahani kubwa la shaba linaloning'inia.

Jozi hiyo Landep aliipanga kwa ugomvi. Nilikuwa sisemi na mke wake, Sarning, kwa sababu maji ya banda langu la nguruwe yalipita nyuma ya jiko lake. Siku ya kwanza ya kikundi akasimama katikati ya ukumbi wa mtaa, akatutazama wote ishirini, akasema, "Mama Rinten na Sarning, jozi moja."

"Na huyu?" nikasema. "Mwalimu, afadhali unipe mbwa."

"Mbwa hana vidole."

Sarning alikuwa ameshakaa, akamwambia mumewe, "Mpe tu, Baba Sukra. Nguruwe wake wamemzoesha kelele, hatashtuka."

Watu walicheka, mimi nikakaa kwa hasira, na ndivyo ilivyokuwa. Nilimuuliza Landep baadaye kwa nini anafanya hivyo. Akasema watu wanaopendana wanasameheana makosa, lakini aliyekuudhi unamsikiliza kila anachofanya, unamvizia. Nilimvizia Sarning miezi minne. Mwezi wa tano nikagundua nimeanza kumpelekea wali, na yeye ameshamwita fundi akageuza mfereji bila kuniambia.

Landep hakuzaliwa kwenye ukoo wa wanamuziki. Baba yake alikuwa akivuta mvukuto kwenye karakana ya mfua gongo, kijiji cha juu huko. Mjomba ndiye aliyempakata akamshika mikono yote miwili kwa nyuma na kumpigisha, mpaka siku moja mjomba akaachia na mikono ikaendelea. Aliwahi kwenda Japani na kikundi cha wanaume. Tulimuuliza kukoje. Akasema wanapanga foleni vizuri. Alirudi na mwavuli.

Sarning alimpata kwa kumkosoa. Zamani zile wasichana wa hapa Bali hawakupiga gangsa. Sarning aliuza karanga za kuchemsha nje ya ukumbi wanaume wakifanya mazoezi, na siku moja akamwambia Landep mbele za watu kwamba nusu yake ya pili inachelewa, kisha akaiimba kwa mdomo, ti-ti-to, ti-to, bila kukosea hata pigo. Wenzake walimcheka Landep wiki nzima. Yeye akaenda kununua karanga. Baadaye sana, nywele zikiwa na mvi, ndipo wakaanzisha kikundi chetu. Wanaume walikiita kikundi cha vijiko. Landep alikaa mbele ya anayejifunza nusu nyoofu, Sarning akakaa mbele ya anayejifunza nusu kinzani, Jumanne na Ijumaa, saa tisa alasiri. Mtoto wao Sukra yuko melini, anapika. Kwa hiyo Landep alikuwa na vitu viwili: mke, na zile siku mbili za wiki.

Sarning alifariki mwezi uliopita. Alianguka jikoni, wali ukiwa motoni. Mimi ndiye niliyesikia sufuria, nikaruka ukuta. Nilizima moto kwanza. Nasema kama ilivyokuwa: nilizima moto, ndipo nikageuka kumtazama. Sukra akaja, tukauchoma mwili kwa mila yetu siku ya tano, Sukra akarudi melini. Sikulia. Nilikuwa na vijiti vya kubania majani ya sadaka vya kuchonga, watu wa kulisha, mikeka ya kurudisha. Landep naye hakulia. Aliketi alipoambiwa keti, akala alipopewa sahani.

Siku ya nane tangu afariki ilikuwa Ijumaa. Saa tisa alikuja ukumbini kama kawaida. Mwenye msiba haweki sadaka, kwa hiyo niliweka mimi, majani na maua mbele ya kila chombo, kisha nikakaa mahali pangu. Mahali pa Sarning palikuwa wazi. Hakuna aliyepatazama. Landep akashika ngoma, akatoa ishara, tukaanza taratibu, polepole kabisa.

Nikapiga nusu yangu. Halafu, sijui niseme nini, mkono wangu ukajaza na ile nyingine. Kwa mwendo wa polepole inawezekana. Nimeisikia miaka tisa, niliijua kuliko jina la mjukuu wangu. Nikapiga zote mbili, nyoofu na kinzani, kwenye gangsa moja. Wimbo ukatoka mzima. Wenzangu wakaniangalia kwa jicho la pembeni, wakaendelea kupiga. Walidhani wanamsitiri mwalimu. Mimi pia nilidhani namsitiri. Landep akainamia ngoma yake, hakusimamisha hata mara moja. Sisi tuliozoea kuanza upya mara thelathini tukamaliza wimbo kwa mkupuo mmoja, na hakuna aliyeuliza kulikoni.

Tukaendelea hivyo majuma mawili na zaidi. Taratibu, taratibu. Kila mtu alijua sikukuu ya hekalu inakuja, na kila mtu alijua kwa mwendo ule hata kobe angelala.

Siku ya ishirini na sita, mkuu wa mtaa, Bwana Sudira, akaja kusikiliza. Akakaa kwenye ngazi, akasema, "Haya, tupeni kama itakavyokuwa siku yenyewe."

Landep akapiga ngoma kwa kasi ya siku yenyewe.

Mzunguko mmoja nikaweza. Wa pili mkono ukakakamaa. Hakuna mkono wa mtu unaoweza zote mbili kwa kasi ile. Ndiyo maana babu zetu waligawa. Nikaacha kinzani, nikapoteza na nyoofu, matoazi yakakimbia mbele, gongo likagonga mahali ambapo hapakuwa na kitu. Tukafa mmoja mmoja. Wa mwisho kunyamaza alikuwa Bibi Nyandri na gongo lake, kwa sababu haoni vizuri.

"Mwalimu," akasema Sudira, "hii ndiyo mnaipeleka hekaluni?"

Landep akafuta viganja kwenye saruni.

"Sipendi kusema haya, una msiba. Lakini zimebaki siku kumi na mbili. Kikao kimesema hivi: wanawake wakiaibisha mtaa siku ya sikukuu, kikundi anakabidhiwa kijana Premana. Amemaliza chuo cha sanaa mjini. Nyimbo zote anazo kwenye simu."

"Na hiyo simu itanibebea gongo?" akauliza Bibi Nyandri.

"Bibi, mimi nasema yaliyosemwa kikaoni."

"Basi kawaambie waje wakae hapa, migongo yao ione."

"Sawa," akasema Landep. Hakuinua sauti wala hakushusha. Alisema kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. Akatoka, na mwavuli wake akausahau ukumbini.

Asubuhi yake nilimpelekea wali. Nilimkuta amekaa barazani kwake, mikono juu ya magoti, viganja vikiwa juu.

"Kaka Landep," nikasema, "kosa ni langu. Nimekuwa nikipiga nusu zote mbili."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mimi kiziwi?"

"Mbona hukunikataza?"

Akafungua jani la wali, akalitazama, akalifunga tena. "Ilikuwa vizuri kuisikia nusu yake," akasema.

Nikafagia ua wake, maana ulikuwa mchafu, nikaondoka.

Ijumaa akaja na mtu. Mtu mwenyewe alikuwa Wiasih muuza tofu. Huyu mwanamke mwaka jana alileta meza yake pale pale njia panda, hatua tatu kutoka kwangu, na akawaambia wateja kwamba wali wangu umelala. Umri wake nusu ya wangu na mdomo wake mara mbili.

"Mwalimu, hapana," nikasema. "Huyu hapana."

"Shikamoo na wewe, Mama Rinten," akasema Wiasih. "Umeamkaje na ule wali wako wa juzi?"

"Kaa," Landep akamwambia.

Alivyokwenda kukaa akairuka gangsa kwa juu, kama mtu anayeruka mfereji. Ukumbi mzima ulipiga kelele, maana kwetu chombo hakirukwi. Wiasih akasimama mguu mmoja ukiwa hewani, asijue aurudishe au auteremshe. Ilibidi maji ya baraka yaletwe, gangsa inyunyiziwe, naye anyunyiziwe, aombe radhi kwa chombo.

"Mwombe na kwa sauti," akasema Bibi Nyandri. "Chombo ni kizee kama mimi, hakisikii."

Ndipo akakaa mahali pa Sarning. Landep akazunguka, akakaa mbele yake, upande wa pili, goti kwa goti. Akainua nyundo. Tukangoja. Nyundo ikabaki juu. Wiasih naye nyundo juu, macho kwa mwalimu, anangoja kufuata. Nilihesabu pumzi zangu, zikafika kumi na moja. Nyundo haikushuka. Uso wa Landep haukuwa na kitu chochote. Ungemtazama ungesema anasubiri mtu avuke barabara.

"Mama Rinten," akasema, "njoo ukae hapa wewe."

"Mimi sijui kupiga kinyume!"

"Mimi pia sikujua."

Nikakaa. Yeye akaenda kwenye gangsa yangu, akashika nusu nyoofu. Na mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikaviona vibao upande ambao mwalimu anaviona. Vyembamba viko kushoto, vinene kulia, kila kitu kimegeuka kama ulimi ulio kinywani mwa mtu mwingine. Nilikosea sana. Wiasih alinifuata mpaka kwenye makosa yangu, pigo kwa pigo, na ikabidi nianze kumsahaulisha nilichomfundisha.

"Shangazi, sasa hiki ni kipi, kosa au wimbo?" akauliza.

"Kosa."

"Unipe basi ishara. Kohoa."

"Nitakukoholea usoni."

Tulikutana kila siku, siku tisa, hata siku za soko. Landep hakumfundisha Wiasih hata pigo moja. Alikaa kwenye nusu yangu akapiga, anasimamisha, anafuta nyundo, anaanza upya. Hilo lilirudi. Mara ishirini, mara ishirini na tano. Hakuna aliyenung'unika. Mimi nilikuwa nikifika nyumbani nalisha nguruwe, naosha masufuria, nalala. Watu waliniuliza kama nimepoa. Nikawaambia nimepoa. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, unajua upo kwa sababu unauona.

Siku moja kabla ya sikukuu, Landep akanirudisha mahali pangu. Akasema neno moja tu, na alinitazama mimi: "Usijaze."

Sikukuu iliangukia siku ya thelathini na nane. Katika kijiji chetu mume wa marehemu haingii hekaluni mpaka siku arobaini na mbili zipite. Kwa hiyo tulipanga vyombo ndani, uani, sare zetu za kijani na mishipi ya manjano, na mwalimu wetu akakaa ng'ambo ya barabara, nje ya ukuta, kwenye benchi la kibanda cha kahawa. Ngoma alipiga dada yake Bibi Nyandri. Kama tungeharibu, Landep angeisikia kazi yake ikiondoka akiwa na kikombe mkononi, na asingeweza hata kuinuka kuja kutusimamisha.

Sudira alikaa mbele kabisa. Kando yake kijana Premana, nywele amezipaka mafuta, adabu nzuri, simu imelala juu ya goti.

Tukaanza. Mwanzo ni taratibu, mwanzo haumuui mtu. Ngoma ikaita, tukakaza mwendo. Wiasih alikuwa ametoa ncha ya ulimi kama anayepitisha uzi kwenye sindano. Mzunguko wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda, na hapo nusu zikashikana kweli, nikaacha kujua ipi yangu.

Mzunguko wa tatu Wiasih akapotea.

Niliona nyundo yake imesimama. Macho yalimtoka. Na shimo likafunguka pale palipokuwa pigo lake, halafu shimo jingine, jingine, na mkono wangu ukaanza kwenda wenyewe kuziba. Ungeweza. Mapigo manne, matano, ningeyabeba, hakuna ambaye angejua. Baada ya hapo mkono ungekakamaa kama siku ile na tungekufa wote mbele ya mtaa mzima. Nikaushika. Nikapiga changu tu, mahali pangu tu, na kila nilipovuta pumzi palibaki patupu, na patupu pale palisikika mpaka barabarani. Mtaa wote ulisikia. Sudira aligeuza shingo.

Nikamwambia Wiasih, bila kugeuka, "Pumua ninapopiga. Piga ninapopumua."

Nusu mzunguko ulipita. Kisha ti, akaingia pigo moja. Halafu mawili. Halafu alikuwa amerudi, mzima, anavizia kila changu kama mtu anayevizia mwizi wa kuku wake. Tukamaliza. Gongo la mwisho Bibi Nyandri alilipiga mahali pake hasa.

Watu hawapigi makofi hekaluni. Waliendelea kupitisha sadaka zao na sisi tukaweka nyundo chini.

Nilichukua sahani ya wali na nyama ya kukatakata, nikavuka barabara. Landep alikuwa pale pale. Kahawa hakuigusa.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

"Basi?"

"Mzunguko wa tatu palikuwa na shimo."

"Wiasih alipotea."

"Na wewe hukujaza."

"Sikujaza."

Akapokea sahani, akaiweka kwenye magoti. "Nilikuwa nimekaa hapa namsikiliza Sarning," akasema. "Mzunguko wa kwanza nikasema yumo. Wa pili nikasema yumo. Lile shimo lilipofunguka, ndipo nilipojua hayumo."

"Hayumo, Kaka."

"Ndiyo. Hayumo."

Akaanza kula. Sudira akatoka langoni, akavuka akiwa ameshika ncha ya saruni yake isiguse matope. Akasema kijana Premana ameomba ruhusa aje siku moja akae tu pembeni, aone lile la mwanamke kumrudisha mwenzake bila kusimamisha wimbo, chuoni hawakuwafundisha. Kisha akasema, "Kwa hiyo Mwalimu, Jumanne saa tisa, kama kawaida."

"Sawa," akasema Landep, kwa sauti ileile ya siku ile nyingine.

Nilingoja nisikie kitu. Furaha, uchungu, chochote. Nilichosikia ni mshipi unanibana kiunoni. Nikaulegeza kidogo.

"Yule muuza tofu anachelewa kubana mkono wa kushoto," akasema Landep huku akitafuna. "Mwambie."

"Mwambie mwenyewe Jumanne," nikamjibu, nikarudi ndani kukunja mikeka.